Mwalimu Klachi Aanza Mazoezi

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja. Hakikuwa kiti cha ofisini wala cha sebuleni. Kilikuwa kiti cha pembeni ya dereva ndani ya gari dogo jeupe la shule ya udereva, gari lenye kibao chekundu cha mwanafunzi juu ya paa, na breki na klachi za ziada upande wa mwalimu. Humo ndani alikula chakula cha mchana, alisoma gazeti, alisinzia kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine, na alipiga kelele. Neno alilolipigia kelele kuliko yote lilikuwa klachi. "Klachi kwanza. Nimesema klachi, sijasema honi." Ndiyo maana wanafunzi wakamwita Mwalimu Klachi, na jina likamganda mpaka mwajiri wake naye akawa analiandika kwenye ratiba ya wiki.

Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitatu. Alikuwa na sauti ya kutosha kiwanja kizima, na kitambi ambacho mwenyewe alikiita afya. Kutembea alitembea kwa dharura tu. Kulikuwa na duka umbali wa hatua mia na hamsini kutoka nyumbani kwake, naye alilifuata kwa gari, kisha akarudi akilalamika kwamba siku hizi hakuna pa kuegesha.

Basi, Jumanne moja asubuhi alikuwa kwenye kiwanja cha kujifunzia, kule kwenye mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu. Mwanafunzi wake alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, mstaafu aliyeshughulika na barua za watu maisha yake yote, ambaye kila mtu alimwita Mzee wa Posta. Mzee huyu hakuwa akiliendesha gari, alikuwa akiliomba. Kabla ya kukata kona alisema "samahani", na gia ikiingia alisema "asante".

Siku hiyo aliegesha katikati ya mapipa mawili, na Mwalimu Klachi akamtoa nje ili amwonyeshe kwa macho yake jinsi alivyolikaribia pipa la kushoto. Akamsomea somo refu. Katika somo hilo wote wawili walisahau jambo moja, breki ya mkono.

Kiwanja kile kina mteremko, lakini ni mteremko wa jina tu. Hata maji huko hufikiria kwanza kabla ya kuteremka. Gari liliondoka taratibu, kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo na hataki kuaga. Mwalimu alipogeuka, lilikuwa limeshafika pipa la tatu.

Akakimbia. Angalau ndivyo alivyodhani mwenyewe. Hatua ya kumi kifua kikaanza kuwaka. Hatua ya ishirini miguu ikawa si yake tena, ni ya mtu mwingine ambaye hawajawahi kukutana. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikatiza kiwanja na beseni la nguo kichwani alimfikia, akawa sambamba naye, akampita, na wala hakuongeza mwendo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema alipokuwa akimpita. "Unalifuata lile gari?"

Mwalimu alitaka kuitikia marahaba, lakini pumzi haikutosha hata neno moja. Gari likajisimamisha lenyewe kwenye lundo la mchanga. Alipolifikia, uso umejaa jasho na macho yakiona nyota mchana kweupe, alimkuta Mzee wa Posta ameshafika kwa njia ya mkato, amefungua mlango na amevuta breki ya mkono.

"Samahani, mwalimu," alisema mzee. Kisha akamtazama vizuri. "Hebu kaa chini kwanza."

Mwalimu alirudi nyumbani ameamua kutomwambia mkewe, lakini habari zilikuwa zimeshafika. Mkewe alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya mbele, mahali ambapo kila anayepita hupunguza mwendo. Mwenye beseni alikuwa mteja wake.

"Pole na mbio," alisema mkewe bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Gari liliteleza kidogo tu."

"Sawa, baba." Akakata uzi kwa meno. "Kuna jambo nilikuwa nasubiri siku ya kukwambia. Ile suruali yako ya kijivu nimeachia mshono wa kiuno mara tatu. Kitambaa cha ndani kimekwisha. Safari nyingine nitaongezea kitambaa cha pazia."

Mkewe akavuta mfuko kutoka chini ya meza, akatoa suruali ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na mstari mweupe ubavuni. Alikuwa ameshona ishirini za namna hiyo, alieleza, za watu wanaofanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule ya msingi, asubuhi na mapema, mara tatu kwa wiki. Anayewafundisha ni nesi mmoja wa hospitali, kabla hajaingia kazini. Hii ilikuwa ya ishirini na moja.

"Ya nani?"

"Yako."

"Kipimo changu ulikipata wapi? Hujanipima."

"Nalala ubavuni mwa hicho kipimo mwaka wa ishirini na saba sasa," alisema mkewe. "Sihitaji futi."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Mwalimu Klachi alikwenda. Kutoka kwake hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu, kwa hiyo alikwenda kwa gari, akaliacha nyuma ya jengo la vyoo ili lisionekane. Ukumbini kulinukia chaki na sakafu iliyopigwa deki. Watu kama ishirini walikuwa wamevaa suruali za bluu zenye mstari ubavuni, wengi wao wanawake, wengine wakubwa kuliko yeye. Alisimama karibu na mlango, mkono mmoja ukishika kitasa.

Mbele alisimama nesi, mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Mwalimu hakumtambua, mpaka alipogeuka kuweka saa yake dirishani. Wanafunzi wake wote aliwakumbuka kwa upande mmoja wa uso, ule unaoonekana kutoka kiti cha mwalimu, na upande huo sasa ulikuwa mbele yake. Miaka tisa iliyopita dada huyu alifeli mtihani wa udereva mara tatu mikononi mwake, halafu akahamia shule nyingine.

"Shikamoo, mwalimu," alisema nesi. "Karibu."

"Marahaba. Nilikuwa napita tu."

"Ukiwa umevaa hiyo suruali?"

Akaachia kitasa.

Nesi alimpa kiti, kimoja cha vile viti vya wanafunzi wa darasa la pili. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kusimama, bila kushika popote, mara nane. Mwalimu alitabasamu kwa dharau. Mara ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya tatu ikamtoa jasho jembamba. Ya tano alisimama na kiti kikasimama naye, kimemng'ang'ania kiunoni. Hakuna aliyecheka. Wote walitazama ukutani kwa adabu, nayo adabu ile ilimuuma kuliko ambavyo kicheko kingemuuma.

Nesi alimsaidia kuachana na kiti. "Kwa leo inatosha," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe anza kwa kutembea. Dakika kumi, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Tembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza. Ukiona maneno yanakatika, punguza. Ukiona unaweza kuimba, ongeza kidogo."

"Kutembea?" alisema Mwalimu. "Kutembea najua tangu nina mwaka mmoja."

Akaenda kujipanga mstari wa mbele, pamoja na watu waliokuwa na miaka miwili kwenye mambo hayo. Wakati huo walikuwa wakiruka kichura, kuzunguka ukumbi mzima. Nesi alimwambia asifanye. Akamwambia tena. Mara ya tatu akamwacha, kama mtu anavyomwacha mtoto aguse sufuria ajionee. Mwalimu aliruka kichura mara kumi na nne, akatoka ukumbini kifua mbele, akaendesha gari mpaka nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake alikiona cha mtema kuni. Kuamka hakuamka, aliviringika kutoka kitandani kama gunia, akajivuta kwa kushika kabati. Mapaja yalikuwa kama yamefinyangwa na mtu mwenye chuki. Msalani alishika kuta zote mbili na kusali. Ofisi ya shule ya udereva iko ghorofa ya pili, na mchana huo wafanyakazi wenzake walimwona akiteremka ngazi kinyumenyume, kipandio kimoja kimoja, uso ukitazama alikotoka.

"Mwalimu, mbona rivasi?" aliuliza katibu muhtasi.

"Nafanya mazoezi," alijibu, na kwa kweli hakudanganya.

Ndani ya gari mambo yakawa mabaya zaidi. Mzee wa Posta aliingiza gia kwa nguvu, na Mwalimu kwa mazoea akakanyaga klachi yake ya ziada. Alilia "Klachiii" kwa sauti ambayo mzee hakuwahi kuisikia. Mzee akadhani ni somo jipya, akaanza na yeye kuitamka vile vile kila alipobadili gia.

Hapo Mwalimu akaacha. Hakutangaza kwamba ameacha, ila kila siku ya mazoezi ilimkuta na sababu. Mara mawingu. Mara goti. Mara raba zake zinapiga kelele na zitaamsha majirani. Suruali ya bluu ikaingia chini kabisa ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Mkewe aliiona huko, akarudishia mashuka.

Wiki ya tatu, Jumapili alasiri, nesi alikuja nyumbani kujaribu gauni alilokuwa ameagiza. Mwalimu alikuwa barazani na gazeti. Aliliinua gazeti likamfunika uso, lakini miguu yake ilibaki nje.

"Mwalimu, hujambo na miguu?" aliuliza nesi.

Gazeti likashuka. "Sikiliza, mwanangu. Wewe unafanya kazi nzuri, sina neno nawe. Ila mimi siyo mtu wa mazoezi. Wengine tumeumbwa tukae."

Nesi alikuwa amesimama, mikono imeinuliwa kidogo huku mke wa mwalimu akimbana kiuno kwa pini. Alicheka kidogo. "Maneno hayo siyo mageni kwangu. Uliwahi kuniambia mimi."

"Mimi?"

"Wewe. Niliuzima ule mkebe wako wa gari mara tisa pale kwenye mzunguko, na malori nyuma yanapiga honi. Ukaniambia, 'Wewe dada umeumbwa kwa kiti cha nyuma.' Ulikuwa umevaa shati la njano lenye mistari, mfukoni una kalamu mbili. Nilishuka palepale nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikakaa miezi mitano sijagusa usukani."

Mwalimu alijaribu kukumbuka, hakukumbuka. Shati alilikumbuka. Maneno yenyewe hayakumwachia hata kivuli, pengine kwa sababu aliyasema kwa watu wengi mno. Jambo hilo lilimkaa vibaya. Alikunja gazeti mara mbili, akalikunjua.

"Na yule mwalimu wa shule ya pili," aliuliza mwishowe, kwa kuwa alikuwa mwalimu na kazi ilimwasha hata akiwa na aibu, "yeye alikufanyia nini mpaka ukaweza?"

"Siku ya kwanza hakuwasha gari. Tulikaa limezimwa, nikawa nakanyaga klachi tu. Chini, juu. Chini, juu. Saa nzima. Yeye anakula njugu. Siku ya pili akasema, 'Sasa mguu wako unaijua, tuwashe.'"

"Saa nzima limezimwa," alisema Mwalimu polepole.

"Saa nzima."

Mkewe alikuwa na pini nne mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema lolote, lakini alimtazama mumewe kwa namna ambayo pini hazikuizuia.

"Nilikosea," alisema Mwalimu Klachi. "Samahani, mwanangu. Kwa kweli."

"Mimi nilishapoa zamani. Leseni ninayo, gari ninalo, na pale kwenye mzunguko napita kila siku." Nesi alishusha mikono, akajitazama gauni. "Sikuja kwa ajili hiyo, nimekuja kwa ajili ya gauni. Ila dakika kumi, mwalimu. Kumi tu. Hakuna anayekutaka uruke."

Jumatatu yake aliitoa suruali chini ya mashuka. Alitembea hadi dukani, hatua mia na hamsini, akashangaa kumbe njiani kuna nyumba yenye mlango wa kijani. Akapita duka, akafika kwenye kibanda cha fundi viatu, akatazama saa. Dakika nne. Akasimama kidogo akijifanya anasoma tangazo, kisha akarudi.

Shida ilikuwa ile kanuni ya kuzungumza. Atazungumza na nani? Mkewe asubuhi ana nguo za watu. Basi akazungumza peke yake, na kwa kuwa hakuwa na mazungumzo mengine kichwani, aliisoma barabara. "Kivuko cha waenda kwa miguu. Punguza mwendo. Kona kali kushoto. Tazama kioo." Majirani wakaanza kuulizana kama yuko salama. Jirani wa upande wa pili alimsimamisha mke wa Mwalimu na kumpa pole kwa sauti ya chini.

Aliyemwokoa ni Mzee wa Posta. Walikutana mbele ya kibanda cha fundi viatu, mzee akiwa na fimbo asiyoihitaji, akielekea kununua gazeti. Mzee huyu alikuwa ametembea mji mzima akisambaza barua kabla hajapandishwa cheo akawa wa kupanga barua, na alijua nani aliishi wapi, nani alihama, na nani aliandikiwa barua kila wiki na mtu ambaye siyo mumewe. Kwa mazungumzo hayo dakika kumi zikawa kumi na tano bila Mwalimu kutambua.

"Usiinue mabega, mwalimu," mzee alimwambia siku ya pili. "Unatembea kama unayetafuta ugomvi. Yaachie."

Mwalimu aliyaachia. Wiki ileile, kwenye kiwanja cha mapipa, alimwambia mzee azime gari.

"Nimekosea nini?" mzee aliuliza.

"Hujakosea. Kanyaga klachi. Inua. Kanyaga. Tutakaa hapa hapa." Akatoa njugu mfukoni, akampa na mzee.

Ilikuwa saa ndefu kuliko zote katika miaka yake ishirini na miwili ya kazi. Mara nne alifungua mdomo, na mara nne akautia njugu. Mwisho wa saa ile mguu wa mzee ulikuwa ukipanda na kushuka bila yeye kuutazama, na wala hakusema samahani. Mtihani aliufaulu mara ya tatu. Ya pili alifeli kwa kusimama kumpisha bata.

Mwalimu alirudi ukumbini mwezi wa pili, safari hii kwa miguu, akajipanga mstari wa nyuma kabisa. Alikuta mstari wa nyuma una maneno mengi na utani kuliko wa mbele. Viti vya darasa la pili alivishinda: mara nane, baadaye kumi. Nesi akamwongezea kazi, dakika tatu kutembea na dakika moja kukimbia polepole. "Polepole kiasi gani?" aliuliza. "Polepole mpaka uone aibu," alisema nesi. Hiyo ilikuwa rahisi.

Asidanganywe mtu kwamba kitambi kiliyeyuka. Kilipungua kwa shingo upande. Mkewe alipopima suruali ya kijivu alikuta pa kubana, akamwonyesha kidole chake cha shahada. "Kidole kimoja," alisema. "Usianze kutangaza." Lakini usingizi wake ulikuwa mzuri, ngazi za ofisini alizipanda akizungumza, na wanafunzi wapya walishindwa kuelewa kwa nini aliitwa jina lile. Kuna siku alimpigia kelele kijana mmoja aliyekata kona bila kutazama kioo. Kisha akatafuta njugu, akakuta zimekwisha, akamwambia tu arudie.

Mwezi wa nne, asubuhi moja ya Jumamosi, nesi alikuwa zamu hospitalini na ukumbi ulifungwa. Mwalimu alikwenda hivyohivyo. Nyuma ya ukumbi kuna uwanja wa mpira wa shule, na kuuzunguka kuna njia ya kukimbilia, mita mia nne. Alitembea mzunguko mmoja ili wajuane. Kisha akaanza kukimbia, polepole mpaka kuona aibu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwonea aibu ila mtunza uwanja, aliyekuwa ameinama mbali kule na ndoo yake.

Robo ya kwanza alihesabu hatua. Robo ya pili pumzi zikaanza kupiga kelele, akajaribu kuzungumza: "Kona kulia. Endelea. Tazama kioo." Maneno yalitoka, yamekatika kidogo lakini yametoka. Robo ya tatu goti lilitaka kuleta hoja, hakulisikiliza. Kwenye ile ya mwisho aliona goli la upande wa alikoanzia, likawa linakuja kwake taratibu sana, na wala hakusimama. Alivuka mahali alipoanzia, akaendelea hatua tano zaidi ili pasiwe na ubishi.

Mzunguko mzima, bila kusimama. Alishika kiuno, akahema, akatazama huku na huku akitafuta wa kumwambia. Alikuwa mmoja tu. Akamfuata mtunza uwanja, akitweta na kutabasamu.

"Habari za kazi," alisema. "Umeniona?"

"Nimekuona," alisema mtunza uwanja.

"Mzunguko mzima. Sijasimama popote. Nina miaka hamsini na mitatu."

"Hongera." Mtunza uwanja aliweka brashi kwenye ndoo ya chokaa. "Sasa tazama nyuma yako."

Mwalimu akatazama. Mstari mpya wa njia ya kwanza, mweupe, bado mbichi, ulikuwa umekanyagwa kutoka kona ya mbali mpaka hapo aliposimama. Nyayo nyeupe zilipanga foleni nyuma yake, moja moja, kwa nafasi sawa. Hazikukatika mahali popote. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu aliyeharibu kazi ya mwenzake.

"Nitakusaidia," alisema.

Mtunza uwanja akampa brashi ya pili bila kubishana. Walifanya kazi hadi jua likapanda, mmoja akivuta kamba na mwingine akipaka. Mwalimu alipaka taratibu na mstari ulinyooka vizuri. Mistari alikuwa amefundisha watu kuiheshimu miaka mingi. Walipofika kona ya mbali alikuwa na chokaa hadi magotini na suruali ya bluu imepata mistari ambayo mkewe hakuishona.

"Kesho ukija, pita njia ya pili," alisema mtunza uwanja akikusanya kamba. "Hii ya kwanza iache ikauke."

"Kesho siji. Ni siku yangu ya kupumzika," alisema Mwalimu Klachi. "Keshokutwa."

"Basi hiyo keshokutwa, pita ya pili."

"Nitapita ya pili," alisema, akaosha mikono bombani, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu.